Mhariri Anayetangulia Njiani

David Livingstone aliandika mara ya mwisho katika shajara yake tarehe 27 Aprili 1873. Siku chache baadaye alifariki katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wa msafara wake wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu, pamoja na madaftari yake. Sehemu hiyo ya kisa inajulikana. Isiyotajwa sana ni kazi iliyofuata. Mwaka 1874 viongozi wawili wa msafara ule, Abdallah Susi na James Chuma, walifika Uingereza na kukaa na kasisi Horace Waller, rafiki wa marehemu, aliyekuwa akiyaandaa madaftari yawe kitabu. Waller alikuwa na maandishi, majina ya mito na vijiji ambavyo hakuvijua, na kurasa zinazokatika ghafla. Susi na Chuma walikuwa na njia yenyewe vichwani mwao. Walimweleza nini kilitokea wapi, na siku zile ambazo mwenye shajara hakuwa tena na nguvu ya kushika kalamu zilikwendaje. Kitabu kilipotoka London mwaka huohuo, katika juzuu mbili, masimulizi ya mwisho wa Livingstone yalikuwa yametoka vinywani mwao. Majina yao yaliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza, ila kwa cheo cha watumishi waaminifu.

Mimi nawaita wahariri. Walifanya kile ambacho mhariri mzuri hukifanya: walijaza pengo, walisahihisha jina, walimwambia mwandishi kile ambacho yeye peke yake asingekijua. Ninapopanda na kikundi cha waandishi wapya katika milima ya Usambara kwa ajili ya kambi ya uandishi wa safari, ombi langu la kwanza kwao ni kumtazama mwongozaji wetu kwa jicho hilo. Wengi huja wakidhani kwamba mimi ndiye mwalimu, na yeye ni mtu wa kuonyesha njia na kujua maji yako wapi. Siku ya kwanza sibishani nao. Njia yenyewe itasema.

Njia yetu huanzia Lushoto, mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na kuishia Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini wa milima. Kabla ya kuanza safari kubwa tunakwenda Irente kunyoosha miguu. Pale mlima unakatika, na chini yako, karibu mita 1,000, unaona tambarare imelala hadi macho yanachoka: mashamba ya mkonge, barabara kuu, reli inayotoka Tanga kwenda Moshi. Ni mahali pazuri sana, na kwa sababu hiyohiyo ni mahali pabaya pa kujifunzia kuandika. Kila anayefika Irente huandika sentensi ileile. Anga, upeo, udogo wa binadamu. Mwongozaji hukaa pembeni akingoja tumalize, kisha huwauliza wanafunzi swali dogo: wanauona ule moshi kule chini, na wanadhani ni wa nini? Hapo ndipo madaftari yanapofunguliwa upya, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuona moshi.

Kwa nini basi tutembee, wakati gari lingetufikisha Mtae kwa nusu siku? Kwa sababu mwendo wa miguu unamlazimisha mwandishi kukutana na watu kwa urefu wao. Ukiwa kwenye gari unampita mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Ukiwa kwa miguu yeye ndiye anayekupita, na lazima umpishe, na ukimpisha lazima umsalimie, na salamu za Usambara si za kutupa na kuondoka. Anauliza mnatoka wapi. Mnamuuliza soko ni la siku gani. Anacheka kwa sababu mmechoka na bado hamjafika nusu. Tayari una kisa, na hukukitafuta.

Kuna jambo la ufundi hapa ambalo vitabu vingi vya uandishi huliruka. Mtu hawezi kutembea kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa na kuandika kwa wakati mmoja. Atajikwaa, au ataandika upuuzi. Kuandika kunafanyika kwenye vituo, na vituo huchaguliwa na mwongozaji: penye kivuli, penye maji, pale ambapo wabeba mizigo wanaweza kutua bila kuinama sana. Kwa hiyo nawafundisha wanafunzi kubeba jambo moja tu kutoka kituo hadi kituo. Wasijaribu kukumbuka kila kitu. Wachague: sauti moja, au mkono wa mtu mmoja akifanya kazi, au namna njia inavyobadilika rangi inapoingia msituni. Wakifika kituoni waandike hilo kabla ya kunywa maji. Kalamu ya risasi ni bora kuliko ya wino, kwa kuwa ukungu wa Usambara unalowesha karatasi hata siku isiyo na mvua. Daftari liwe dogo, liingie mfuko wa shati. Likikaa ndani ya shanta mgongoni halitatolewa. Pembeni ya kila jambo waandike saa, jina la mahali, na nani amesema. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa, nami nitalirudia hadi wachoke kunisikia, kwa sababu miezi miwili baadaye, ukiwa mezani kwako Dar es Salaam au Nairobi, maneno uliyoyasikia na maneno uliyoyawaza yatakuwa yamechanganyika na hutaweza kuyatenganisha.

Simu za mkononi nazo zina nafasi yake. Piga picha ya kibao cha jina la kijiji, ya bei iliyoandikwa kwa chaki, ya ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kata. Mandhari usiipige picha hadi umeshaiandika. Nimeona watu wenye vipaji wakirudi nyumbani na mamia ya picha za milima na ukurasa mmoja wa maneno, na ukurasa huo ni maelezo ya picha.

Kutoka Lushoto tunaingia msitu wa Magamba, mkubwa kuliko misitu yote ya asili iliyobaki Usambara Magharibi. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, na kwa kuwa misitu yake imetengana kwa muda mrefu mno, kila mmoja una viumbe wake ambao hawapatikani kwingine. Mwandishi akisikia habari hiyo hutamani kuandika neno "paradiso". Mwongozaji humwonyesha kisiki. Mkulo, mti ambao mbao zake ni ngumu na zenye harufu ya kafuri, ulikatwa sana katika misitu hii, na visiki vikubwa vya zamani husema zaidi kuliko miti iliyosimama. Halafu anaonyesha kinyonga kwenye tawi, ambaye sisi wote tungempita, na mbega weusi wenye manyoya marefu meupe wakiruka juu kabisa. Anaonyesha vyote viwili kwa sauti ileile, kisiki na kinyonga. Nawaomba wanafunzi waishike sauti hiyo.

Katika milima hii ya Usambara ndiko lilikotoka ua dogo la zambarau ambalo leo hukaa kwenye vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wa ofisa huyo. Waliokuwa wakipita kando ya ua hilo kila siku wakienda kuchota maji hawamo katika jina. Mwandishi wa safari anapaswa kulijua hili kabla ya kuandika kwamba "amegundua" njia, maporomoko au kijiji.

Lakini somo kubwa kuliko yote tulilipata nje ya msitu, kwenye matuta.

Ukitoka Magamba kuelekea kaskazini, ardhi inafunguka na unaona miteremko yote imelimwa, kabichi, viazi, karoti, maharage, hadi mahali ambapo unashangaa mkulima anasimamaje. Sehemu nyingine zina matuta yaliyopangwa kufuata mkunjo wa mlima, kingo zake zimepandwa mabingobingo ya kuzuia udongo. Ni mandhari ya kupendeza. Mwanafunzi wetu mmoja, mwalimu wa sekondari mwenye Kiswahili kizuri, aliandika aya nzima juu yake: mpangilio wa kale, hekima ya mababu, watu na ardhi wanaopendana. Jioni ile tulikuwa Rangwi, tumepokewa kwenye nyumba ya wageni ya masista, na aliisoma kwa sauti. Sote tuliipenda. Mwongozaji alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Mwalimu," akasema, "hayo matuta bibi yangu aliyachukia hadi anakufa."

Kisha akaeleza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, kwanza katika bonde la Mlalo, baadaye Usambara kwa jumla. Watu waliamriwa kulima matuta kwa jembe la mkono, na asiyetimiza kipimo alishtakiwa na kutozwa faini. Mzigo mkubwa ulikuwa wa wanawake, ambao tayari walikuwa na shamba la chakula, maji na kuni. Wakulima walisema udongo wa chini unafukuliwa na kuwekwa juu, na mavuno hayaongezeki. Waliogopa pia kwamba ardhi iliyotengenezwa vizuri itachukuliwa na kupewa wengine. Upinzani ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1957 mpango ulivunjika, na hasira hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowafanya Wasambaa wengi kukiunga mkono chama cha TANU. Matuta ya leo yana historia nyingine, mengi yamechimbwa na wenyewe kwa hiari yao, baada ya uhuru, kwa mbinu walizozikubali. Lakini mtu anayeyatazama kutoka mbali hawezi kutofautisha tuta la kulazimishwa na tuta la hiari. Yanafanana.

Aya ya yule mwalimu haikufutwa. Hilo nataka lieleweke, maana waandishi wachanga huogopa kwamba ukweli utaua uzuri. Aliibakiza picha ya miteremko, akatoa mababu na hekima, akamweka bibi mmoja mwenye jembe na karani wa serikali mwenye kamba ya kupimia, kisha akarudi kwa mjukuu anayepanda mabingobingo kwenye kingo leo. Aya ikawa na watu, ikawa na muda ndani yake, na uzuri wa mlima ukaongezeka kwa sababu sasa tulijua gharama yake.

Tangu hapo masahihisho ya jioni huendeshwa kwa kanuni ambayo sijaona sababu ya kuibadilisha. Mwandishi anasoma. Mwongozaji, na mwenyeji mwingine yeyote aliyepo na aliyekubali kusikiliza, anamsimamisha pale ambapo sivyo. Mwandishi haruhusiwi kujitetea; anauliza maswali tu. Baada ya hapo ndipo mimi ninapozungumzia sentensi.

Utashangaa jinsi kazi yangu inavyopungua. Kosa la mtindo, mara nyingi, lina kosa la ukweli chini yake. Dada mmoja aliandika juu ya "kijiji kilichosahaulika". Mwongozaji akauliza kimesahauliwa na nani, maana lori la kabichi hutoka pale usiku kwenda Kariakoo, na dereva wake anakijua vizuri sana. Dada yule alicheka, kisha akanyamaza kwa muda, akitafuta. Usiku huo aliamka kwenda kuliangalia lori likipakiwa: magunia na matenga, vijana wakipokezana, taa ya simu mdomoni mwa mmoja wao, mabishano ya bei. Aliandika kurasa nne. Neno "kilichosahaulika" halikurudi, na halikuwa limetolewa na kanuni yoyote ya uandishi. Lilitolewa na lori.

Vivyo hivyo kwa maneno yanayoficha kazi za watu. Kiswahili kina uwezo wa kusema jambo limefanyika bila kumtaja aliyelifanya, na mwandishi aliyechoka huupenda uwezo huo: hema zilikuwa zimeshasimamishwa, chai ilikuwa imeandaliwa, mizigo ilikuwa imetangulia. Nani alisimamisha? Alifika saa ngapi ili awahi? Kilimanjaro wabeba mizigo hujulikana kwa jina la wagumu, na jina hilo peke yake linatosha kumfanya mwandishi ageuze kichwa. Hata hivyo, soma makala za wapandaji na utaona hema zikijisimamisha zenyewe hadi kileleni. Katika kambi yetu kila kitendo cha namna hiyo lazima kipewe mwenyewe, angalau katika rasimu ya kwanza. Baadaye unaweza kupunguza. Kwanza ujue.

Sasa niseme juu ya hatari, kwa kuwa wengi huja kwa hamu ya kuandika matukio ya kusisimua.

Siku ya kuingia Mtae njia inapita kwenye mgongo wa mlima. Kijiji kimekaa juu ya ukingo; upande mmoja ardhi inaporomoka kuelekea nyika za Mkomazi, na hewa ikiwa safi unaiona milima ya Upare, mara nyingine hata Kilimanjaro mbali kabisa. Sehemu moja ya njia ni nyembamba na ilikuwa imelowa. Mtu mmoja katika kikundi aliteleza. Hakuumia, ila alikaa chini na miguu ikakataa kusimama, na mwongozaji alishuka, akamshika mkono, akamwonyesha pa kuweka kisigino, hatua kwa hatua, hadi akavuka. Wakati huo walipita akina mama watatu wakitoka sokoni, mizigo kichwani, mmoja na mtoto mgongoni. Walitupa pole kwa dhati na wakaendelea.

Jioni yake kila mtu aliandika tukio hilo, na karibu kila mtu aliwaacha wale akina mama nje ya hadithi. Nilielewa sababu. Wakiwamo, genge linaonekana dogo na ushujaa wetu unanywea. Lakini walikuwepo. Mwandishi wa matukio ya hatari ana chaguo moja gumu: ama aifanye hatari kuwa sifa ya mahali, ama aiseme kuwa ni yake. Akisema "njia ya kutisha" amewaondoa wote wanaoitumia kila wiki. Akisema magoti yake yalitetemeka, kwamba aliona jiwe likianguka na hakusikia lilipotua, kwamba mkono wa aliyemshika ulikuwa mkavu na wa joto, na kwamba wakati huohuo mama mwenye mtoto mgongoni alipita akimwambia pole, basi hofu yake inaaminika zaidi. Msomaji anajua hofu ni kitu cha mtu. Na anajua pia kwamba yule mama alikuwa na ujuzi wa miguu ambao sisi hatuna, ujuzi unaostahili kuelezwa kwa makini kama tunavyoeleza vifaa vya wapanda milima.

Zaidi ya hayo, hatari huandikwa kwa vitu vidogo na kwa mfuatano wake. Mguu upi uliteleza. Fimbo ilikuwa mkono upi. Nani alikuwa mbele, nani nyuma, nani alipiga kelele na alisema neno gani. Wanafunzi hukimbilia kuelezea moyo unavyodunda. Mimi huwarudisha kwenye njia ile na kuwaomba waipime kwa hatua zao. Ukipata vipimo vyako sawa, moyo wa msomaji utadunda bila kuombwa.

Masimulizi ya kale ni jambo jingine. Hakuna anayepita Usambara bila kusikia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyetengwa na ndugu zake kwa sababu alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, akakimbilia milimani, akagawa nyama ya nguruwe mwitu kwa watu, akaua simba, na mwisho akapewa utawala na kuwa baba wa Wakilindi wa Vuga. Mwongozaji husimulia kisa hiki vizuri, kwa mikono na kwa macho. Wanafunzi huandika haraka, na wanapokisafisha kisa hicho hukianza na neno "inasemekana". Naliogopa neno hilo kuliko kosa la tahajia. Ni nani anayesema? Kisa cha Mbegha kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha habari za Wakilindi, yeye aliyewajua watawala hao kwa karibu, na toleo lake lina hesabu zake, nani atukuzwe na nani alaumiwe. Mzee wa ukoo mwingine, aliyetawaliwa na Wakilindi, anaweza kukusimulia kisa hichohicho na simba akawa mdogo. Mwongozaji wetu amekisikia kwa babu yake. Andika hivyo: babu yake alimwambia, akiwa mtoto, wakati wa kulinda ndege shambani. Kisa hakipotezi kitu. Kinapata mtu anayekisimulia, na mahali, na sababu ya kusimuliwa.

Hapa ndipo huwa nawaambia wanafunzi kwamba hawaanzi kazi hii kutoka patupu. Wengi wamesoma waandishi wa safari wa Kiingereza na wanadhani aina hii ya uandishi ni ya kuazima. Mwaka 1901 kilichapishwa Ujerumani kitabu kilichohaririwa na Carl Velten, Safari za Wasuaheli, chenye masimulizi ya safari yaliyoandikwa na watu wa pwani yetu wenyewe. Yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin, akieleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Yumo Selim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia akifuatana na Mjerumani, na akarudi na kazi ya kumweleza mtu wa pwani nchi ambayo baridi yake hakuna mfano wake huku kwetu. Walifanya kazi chini ya mabwana wa kikoloni na kwa matakwa yao, na hilo lazima lisemwe. Lakini walitazama kwa macho yao.

Ninachokiona katika urithi huo, na ninachotaka wanafunzi wakichukue, ni suala la msomaji. Makala nyingi za safari tunazoziiga zimeandikwa kwa msomaji aliye mbali, ambaye hatafika, na ambaye hawezi kumkosoa mwandishi. Anayeandika kwa Kiswahili juu ya Usambara hana raha hiyo. Msomaji wake anaweza kuwa amezaliwa Lukozi. Anaweza kuwa muuza mboga Ilala anayejua bei ya tenga, au mwanafunzi aliyesoma bweni Lushoto na kukumbuka baridi ya mwezi wa Julai. Atasoma ukimweleza nyumbani kwao, naye atajua mara moja kama uliuliza au ulikisia. Hii ni shule kali, na nadhani ndiyo sababu makala nzuri ya safari kwa Kiswahili inaweza kuwa bora kuliko zile za lugha kubwa: ina mashahidi wengi mno.

Linabaki suala la jina na malipo. Mwongozaji alipwe siku za kutembea, na alipwe pia jioni za kuhariri, kwa sababu ni kazi mbili. Sisi huyapanga hayo kabla ya kuondoka Lushoto, mbele ya kikundi kizima, ili kila mwandishi ajue anakula jasho la nani. Kuhusu jina, tunauliza. Wengine hupenda litajwe, na simu yao pia, maana makala ni tangazo la kazi yao. Wengine hukataa, ama kwa sababu wako chini ya kampuni, ama kwa sababu wamesema mambo juu ya jirani ambayo hawataki yarudi kwao. Jibu lolote linaheshimiwa na linaandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo. Wa kwetu alisema asitajwe mpaka asikie kwanza kilichoandikwa.

Kwa hiyo rasimu zikikamilika, kila mwandishi humpigia simu na kumsomea sehemu zinazohusu njia, watu na historia. Ni simu ndefu, na muda wa maongezi ni juu ya mwandishi. Mara ya mwisho alisahihisha jina la kijito kimoja, akasema kanisa la zamani la Kilutheri la Mtae lielezwe upya kwa kuwa mwandishi amelichanganya na lile tulilolipita njiani, na akaomba bei ya kabichi iondolewe, kwani ilikuwa imeshapanda na mkulima aliyeitaja angeonekana mwongo. Yule mwalimu wa sekondari alimsomea aya ya matuta. Mwongozaji akaomba aisome tena kuanzia pale panapotajwa jembe, kisha akasema bibi yake alitumia mkono wa kushoto, na kwamba sasa jina lake mwenyewe linaweza kuandikwa.